Usitazame Mdomo, Tazama Koo

Ule mtumbwi mnaouona nyuma ya zizi, ndama wanaunywea maji, ndio mtumbwi wangu wa kukamulia ndizi. Msiniulize sasa hivi umefikaje huko. Nitawaambia, lakini kwa mwendo wangu, maana ninyi mabinti mkipewa mwisho kwanza mnainuka mnakwenda zenu.

Mnakuja hapa kwangu Ntobeye, leo huyu, kesho yule. "Shikamoo bibi, tumekuja utufundishe rubisi." Marahaba. Rubisi, pombe ya ndizi, hakuna aliyeipika akanishinda kuanzia hapa mpaka Mabawe. Sijisifu, kaulizeni. Shule niliishia darasa la nne kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatakiwa kwenye mtumbwi, na kwa mikono hiyohiyo nimesomesha watoto na kuezeka bati. Sasa sipiki tena. Wengine wanasema nimeokoka. Nimeokoka nini? Kanisani nilikuwa naenda hata wakati napika, na mwenyekiti wa jumuiya yetu alikuwa mteja wangu, tena mteja wa kukaa mpaka afukuzwe.

Haya, kazi kwanza.

Shimo la kuivishia ndizi mnalichoma moto ndani kabla ya kupanga ndizi. Mnazoa majivu, mnatandika majani makavu ya mgomba, mnapanga, mnafunika kwa majani mabichi na udongo juu. Halafu mnaliacha. Hapo ndipo vijana wengi wanaposhindwa, kuliacha. Wanachungulia. Ukichungulia joto linatoka, na ndizi ambayo haijaiva sawasawa ukiikamua haikupi maji, inakupa utomvu. Mama yangu alikuwa anaingiza mkono pembeni ya udongo, kidole tu, kama anampima mtoto homa, kisha anasema, "Kesho," au, "Bado." Hakuwahi kukosea.

Mama yangu anaitwa Verediana. Yeye ndiye aliyenifundisha, na yeye ndiye nitakayewaambia habari zake.

Baada ya kumenya mnaweka ndizi kwenye mtumbwi, mnaweka nyasi, mnaponda na kukanda. Nyasi ndizo zinazoshika nyama ya ndizi na kuachia maji. Nilipokuwa msichana mama alinituma nyasi, nikaona uvivu kupanda mlimani, nikakata zile za njiani karibu na banda la mbuzi. Tulipokamua, mama akachota kwa kibuyu, akaniita mbele ya wateja.

"Onja. Unasikia nini?"

"Nasikia utamu, mama."

"Onja tena."

"Nasikia… nasikia beberu."

"Basi mpelekee beberu, ni ya kwake."

Mtumbwi mzima ulimwagwa. Wateja wakaniita Mke wa Beberu mpaka nilipoolewa, na siku ya harusi yangu kuna mzee mmoja alimuuliza mume wangu kama amepata ruhusa ya mume wa kwanza.

Maji ya ndizi yakishatoka ni matamu kama asali, watoto wanayagombania, hayana kilevi chochote. Pombe inaanza mkitia mtama. Mnaukaanga, mnausaga, mnaumwaga humo, mnafunika kwa majani ya mgomba na matambara, ilale penye joto. Siku hizi nasikia watu wanatia hamira na sukari kwenye pipa la plastiki ili iive upesi. Inaiva upesi, ndiyo, na kichwa cha mnywaji kinaiva nacho. Mama hakutumia saa wala kalenda. Alikuwa anaweka sikio. Rubisi inanong'ona, ukiisikiliza vizuri utaisikia, kama mvua ya mbali juu ya majani. Ikinong'ona, iache. Ikitulia, ita watu.

Na mkishaita watu, mwenye pombe anaonja kwanza. Hili mlishike kuliko yote. Huku kwetu hampewi kibuyu mkanywa hivihivi. Aliyepika, au mzee wa nyumba, anachomeka mrija, anavuta mbele ya macho yenu, ndipo anawapa. Maana yake: kama kuna sumu, nimetangulia mimi. Na mama alinifundisha jinsi ya kumwangalia anayeonja. "Usitazame mdomo," aliniambia. "Mdomo unadanganya. Mtu anaweza kushika mrija mashavu yakaingia ndani kama ananyonya kweli, kumbe anacheza. Tazama koo. Mwenye nia mbaya mate yanamkauka, hana hata cha kumeza. Koo lisipotembea, inuka uende nyumbani."

Nilimwona akilifanya. Kwenye arusi moja ya jirani, mama mmoja alileta kibuyu chake, akaonja, akakisogeza kwa wageni. Mama yangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi:

"Dada, koo limekaa."

"Nimekunywa mbona!"

"Mdomo umekunywa. Koo limekaa. Rudia."

Yule mama akachukua kibuyu chake akaondoka nacho, wala hakuaga. Kilikuwa na nini ndani mpaka leo hatujui. Lakini tangu siku hiyo hakuna arusi, matanga, wala kupokea mahari iliyofanyika upande huu bila Bibi Verediana kuitwa akae mbele aonje. Walimwamini. Kila kibuyu kilianzia kwake. Akiwa jikoni kwake anaonja kazi yake, akiitwa kwa watu anaonja kazi ya watu. Na mimi nyuma yake, nikijifunza, naonja.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mama yangu sikuwahi kumwona amelewa. Hata mara moja. Hakuimba, hakuanguka njiani, hakutukana mtu. Walevi tuliwajua, tuliwabeba kama magunia tukawalaza nje ya ua. Mlevi ni yule. Mama yangu alikuwa mwonjaji.

Baba alipokufa nilimchukua mama aje akae kwangu. Nikampa chumba kilichopakana na ghala la pombe, kwa sababu ndicho chenye joto, na wazee wanapenda joto. Akawa mshauri wangu. Asubuhi ananiuliza, "Pipa linasemaje?" namwambia bado linanong'ona, anasema, "Niletee nisikie kwa ulimi." Nampelekea. Miguu ikaanza kuvimba, nikasema uzee. Tumbo likajaa mbele, wajukuu wakamtania, "Bibi utatuletea mjomba?" naye akacheka akasema atamzaa akiwa na meno yote. Macho yakawa ya manjano kama ndizi ya shimoni. Nikasema malaria imemkalia. Kaka yangu Sostenesi, anayekaa ng'ambo ya bonde, akaleta mizizi ya kuchemsha. Tukachemsha.

Asubuhi moja nafukua shimo la ndizi, nasikia mama anakohoa. Nikageuka. Amesimama mlangoni, ameshika nguzo, na kutoka mdomoni mwake damu inamwagika. Si matone, mabinti. Inamwagika kama mnapopindua ndoo. Nyekundu, halafu nyeusi yenye mabonge. Akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeshikwa na kitu cha aibu, akasema, "Nimechafua mlango wako." Nilibaki na jembe mkononi. Mpaka leo harufu ya shimo la ndizi na harufu ya ile damu kwangu ni harufu moja.

Tulimpeleka kwa pikipiki, mimi nimemshika nyuma, kanga yangu yote imelowa. Hospitalini wakamtundikia damu na dripu. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa rika lenu.

"Shikamoo mama. Huyu ni mama yako?"

"Marahaba. Ndiye."

"Anakunywa pombe?"

"Hapana. Anaonja."

"Anaonja kiasi gani?"

Nilianza kuona vibuyu. Cha asubuhi cha kusikia kwa ulimi. Cha mteja wa kwanza, na kila mteja baada yake. Cha matanga, cha arusi, cha jumuiya. Vilikuja vimejipanga mstari kichwani mwangu mpaka nikatafuta benchi nikakaa.

"Kila siku," nikasema. "Tangu mimi sijazaliwa."

Binti akanieleza bila kunificha. Ini limekauka, limekuwa gumu kama ngozi ya ngoma. Damu ikikosa njia ndani ya ini inarudi, inajaa kwenye mishipa ya koo, mishipa inavimba, inapasuka. Wameizuia. Ikipasuka tena, kwa umbali wa kijiji chetu, huenda tusifike. "Asiguse tena pombe," akasema. "Hata ya kuonja. Hasa ya kuonja." Kisha akanitazama. "Na wewe mama, unakunywa?"

"Mimi ni mpishi," nikamwambia. "Naonja tu."

Aliandika.

Nilidhani tumeshaona kubwa. Bado. Siku kama ya tatu mama alianza kutetemeka. Mikono kwanza, halafu kitanda kizima kinagonga ukuta. Jasho linamtiririka, hanijui. Anachuna blanketi kwa vidole, anaokota kitu, anatupa, anaokota, anatupa. "Ondoa nzi," ananiambia, "ondoa nzi kwenye mtumbwi, wateja wanaona!" Hakukuwa na nzi hata mmoja. Akamwita baba, akagombana naye, baba aliyekufa zamani. Sostenesi alikuwa amekuja, akasimama pale mlangoni amejishika kichwa.

"Dada, hili si la hospitali. Mama amerushiwa kitu. Tumtoe."

"Tumpeleke wapi?"

"Nina mtu Bisibo, huko Biharamulo. Anatoa vitu hivi."

Nilikuwa nimeshaanza kumfunga mama kanga ili tumwondoe. Ndiyo, mimi mwenyewe, nilikuwa nimeshamkalisha. Muuguzi mmoja mnene, mama mtu mzima, akaingia akatuona, akaweka trei chini kwa kishindo.

"Mnakwenda wapi na mgonjwa wangu?"

"Mapepo, sista," akasema Sostenesi.

"Mapepo gani! Hiyo ni pombe inamtoka. Mwili wake umezoea pombe kama wako ulivyozoea chumvi. Ukiikata ghafla, mwili unapiga kelele. Mkimtoa hapa akapata degedege njiani mtarudi na maiti. Mlalisheni!"

Tukamlalisha. Wakampa dawa, akalala, akaja akanijua. Hili nalo mlishike, muwaambie na wengine, maana nimeona watoto wenye huruma wanamfungia baba yao chumbani eti aache pombe. Mzee aliyekunywa maisha yake yote msimkatie ghafla nyumbani kwa akili zenu. Mpelekeni hospitali, mseme kweli kwamba anakunywa, wamshushe kwa dawa. Mimi nilidhani pombe inaua kwa kunywewa tu. Sikujua inaweza kuua hata kwa kuachwa vibaya. Miaka yote naipika, na hilo sikulijua!

Alipopona tukarudi nyumbani. Ana dawa zake, miguu imeanza kupungua. Kuna kitu kimoja alichorudi nacho hospitalini: mpira wa dripu, ule mwembamba unaopitisha maji. Alimwomba mfagiaji akamsafishia, akaukunja vizuri akaufunga kwenye ncha ya kanga.

"Wa nini huo, mama?"

"Kumbukumbu. Ulinirudisha duniani."

Nikaona ni maneno mazuri. Nililia hata.

Mimi nikaendelea kupika, maana ndiyo kazi. Lakini sikumpa. Watu walikuja kumpa pole na vibuyu, kama tunavyofanya, huwezi kumtembelea mzee mikono mitupu. Nikawasimamisha mlangoni, vibuyu nikavirudisha. Wengine walinuna. Mama Paskazia, rafiki yake wa utotoni, alikuja na chupa ya chai, nikaifungua nikanusa. Rubisi iliyoiva jana.

"Mama Paskazia! Umetia pombe kwenye chupa ya chai?"

"Ningekuja na nini, mwanangu? Na chai?"

Nilimfukuza mama mtu mzima nyumbani kwangu. Aibu niliyoisikia siku hiyo! Lakini nilijiambia nimeushika mlango, mama yuko salama.

Macho yakarudi ya manjano.

Nikashindwa kuelewa. Hatoki, haendi kokote, hakuna anayeingia bila mimi kumpekua. Wakati huohuo nikaanza kuona pipa langu ghalani linapungua. Si sana. Ukanda mdogo tu pale juu, pembeni panapobaki povu kavu. Mpishi anaujua ukanda huo kama unavyoujua ukingo wa kitanda chako. Nikawashuku panya. Nikawashuku wajukuu. Mchana mmoja nikaingia ghalani bila viatu, polepole, nimshike huyo panya.

Kifuniko cha pipa kilikuwa kimeinuliwa kidogo, na kutoka ndani kilitoka kitu kama mnyoo, cheupe, kinapanda ubavuni mwa pipa, kinaingia kwenye tundu la ukuta wa udongo. Ndani ya kile kitu kulikuwa na rubisi. Inatembea. Inasimama. Inatembea. Nikazunguka mbio mpaka chumbani. Mama yangu amelala kitandani ubavu, uso umeelekea ukutani, blanketi hadi shingoni, mpira wa dripu mdomoni, macho amefumba kama mtoto anayenyonya.

Alitoboa ukuta wangu kwa msumari. Mama yangu, mwenye miguu ya kuvimba, asiyeweza kwenda msalani bila kushikwa, aliingia ghalani akauzamisha ule mpira kwenye pipa nikiwa shambani. Nilitaka kupiga yowe nikashindwa, kisha nikajikuta nacheka, kisha nikakaa sakafuni nikalia, yote kwa pamoja.

Akafumbua macho. Akautoa mpira mdomoni, akaufuta kwa kanga, kwa adabu, kama anavyofuta mrija kabla ya kumpa mgeni.

"Mtama umeukaanga sana," akasema. "Uchungu."

"Mama, utakufa!"

"Najua."

"Unaipenda kiasi hicho?"

"Kuipenda?" Akanitazama kama nimesema jambo la kijinga. "Nani amekwambia naipenda? Sijawahi kuipenda hata siku moja. Chachu tupu. Mimi nilikuwa napenda ile tamu ya watoto."

"Sasa kwa nini?"

Akaweka kiganja kooni.

"Linaita. Mimi nimelala, lenyewe linaita."

Mabinti, mimi nimeona damu ikimwagika na nimeona mama akiokota nzi wasiokuwepo. Hayo mawili hayakunishtua kama neno lile. Sijawahi kuipenda. Mwonjaji mkuu wa upande huu wote!

Siku hiyohiyo niliita vijana wakabeba pipa na mtumbwi wakavipeleka kwa Sostenesi, ng'ambo ya bonde. Nikaziba tundu kwa udongo. Mpira nikautia motoni. Mama nikamrudisha hospitalini, nikamweleza yule binti daktari habari ya mpira, akashika mdomo, akashindwa kujizuia akacheka, kisha akainama akatuomba radhi. Wakamshusha tena kwa dawa. Ikawa kazi ndefu. Mimi asubuhi navuka bonde kwenda kupika kwa kaka, jioni narudi, namnusa mama mdomo kama anavyonuswa mtoto aliyeiba maziwa. Alininunia. Alinitukana kwa Kihangaza, matusi mengine nilikuwa siyajui. Kisha taratibu akatulia. Akawa anaota jua, anachambua maharage, anawagombeza wapita njia. Macho yakawa meupe. Mavuno yakapita, mvua zikaja.

Ndipo mjukuu wangu Jenista akaposwa. Kijana ni wa Bisibo, wazazi wake Wasukuma waliohamia huko kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Watu wazuri. Siku ya kuleta mahari ikapangwa, na watu wote wakajua nani ataonja.

"Ataonja Sostenesi," nikasema.

"Nitaonja mimi," akasema mama.

"Mama, daktari…"

"Daktari anaozesha hapa? Nikikaa ndani nikiwa hai, wageni watasema Verediana amekataa kuonja pombe ya nyumba yake mwenyewe. Watasema kuna jambo. Utamwozesha nani tena?"

Alikuwa anasema kweli, hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Mwonjaji akikataa, ni kama amesema ina sumu.

"Nitaweka mdomo tu," akasema.

"Na koo?"

"Niachie koo langu."

Sikupata usingizi wala hamu ya kula mpaka siku yenyewe. Maana hata kama angeweka mdomo tu, mimi nilijua kile kitu kinavyoita, nilimwona ukutani. Funda moja, linarudi lote. Au mishipa inapasuka palepale, damu mbele ya wakwe, kwenye mkeka wa Jenista.

Wageni wakaja, wakaketi. Msemaji wao alikuwa Mzee Masanja, mtu mkubwa, mcheshi, kofia yake hakuivua. Kwa kuwa sisi tunasema chetu na wao chao, tukasemezana Kiswahili. Maneno ya ng'ombe yakaisha vizuri. Nikaleta kibuyu. Rubisi yangu, nadhani bora kuliko zote nilizowahi kupika. Nikakiweka mbele ya mama. Nikachuchumaa karibu yake, niko tayari kumshika.

Mama akaunyoosha mgongo. Akachukua mrija. Akauweka mdomoni. Mashavu yakaingia ndani.

Nikatazama koo.

Halikutembea.

Ah, moyo wangu! Nilitaka kuimba. Akautoa mrija, akaufuta, akausogeza kwa wageni. Na Mzee Masanja hakunyoosha mkono.

"Mama yetu," akasema, "shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mimi ni mgeni wa mila zenu. Lakini kabla ya kuja nimeuliza wenyeji, wakaniambia, ukienda kwa Bibi Verediana, usitazame mdomo, tazama koo. Nimetazama, mama. Limekaa."

Jenista alikuwa dirishani, nilimwona akishika pazia. Shangazi mmoja wa bwana harusi alishaanza kuvuta mkoba wake. Miaka yote mama alifundisha watu kutazama koo, na leo wamelitazama la kwake.

Mama akamtazama Mzee Masanja juu mpaka chini. Kisha akacheka, cheko lake lile la zamani.

"Umefundishwa vizuri. Limekaa. Na halitatembea tena. Nimewaonjea watu tangu sijaota matiti vizuri, ini langu limekuwa gome la mti. Nikimeza funda moja la hii, nitakufa hapa miguuni pako, na utarudi Bisibo ukasema, 'Kweli, ilikuwa na sumu.' Na utakuwa husemi uongo."

Mzee Masanja akarudisha miguu yake nyuma.

"Atanimalizia mwanangu," mama akasema. "Ndiye aliyepika." Akageuka kwangu na mrija, aniwekee mkononi.

Hakuniwekea. Aliusimamisha hewani, katikati. Hakuwa ananitazama usoni wala mkononi. Alikuwa ananitazama chini ya kidevu.

Koo langu lilikuwa limeshatembea. Mrija bado uko mkononi mwake, kibuyu bado kiko chini, sijagusa kitu, na mimi nimemeza. Na nilipolisikia likitembea nikasikia kwamba mdomo umejaa mate, umejaa kabisa, na mkono wangu umenyooka zamani, tangu kabla hajaniita. Nikakumbuka asubuhi zangu kwa Sostenesi. Nikakumbuka kwamba sijawahi kulewa.

Mama akaushika mrija kwa mikono yake miwili akauvunja. Mbele ya wakwe. Ukalia, ka!

Shangazi akasimama. Sostenesi akasema, "Mama!"

"Ileteni ile ya watoto," mama akasema.

Nilikuwa nimebakiza maji matamu ya ndizi kwenye sufuria, yasiyotiwa mtama, kwa ajili ya wajukuu. Yakaletwa. Mama akamimina kwenye kikombe, akainua kichwa, akanywa, na koo likatembea juu chini, juu chini, kila mtu akaliona. Akafuta mdomo.

"Hii," akasema, "naipenda."

Mzee Masanja akalitazama lile sufuria la watoto, akatutazama sisi, akavua kofia. "Shinyanga nitasema nini mimi," akasema, "nimeacha ng'ombe nikanyweshwa juisi." Watu wakacheka, hata yule shangazi akaketi. Jenista ameolewa Bisibo, yuko vizuri.

Rubisi ya kibuyu ilimwagwa migombani. Mtumbwi Sostenesi aliurudisha, ukaenda kwa ndama. Mimi nilikwenda kwa yule binti daktari kwa miguu yangu, nikakaa kwenye benchi lile lile, nikamwambia naonja, na safari hii nikamwambia kiasi gani.

Kwa hiyo ufundi nimewapa wote, sijawaficha hata nyasi. Anayetaka kupika na apike. Mtu akipita barabarani na kibuyu kichwani, nami nimeketi hapa na mama tukichambua maharage, mama hageuki kukitazama kibuyu. Ananiambia, "Legeza hiyo kanga shingoni," nami nalegeza, na anatazama koo mpaka mtu amepita.